Chungu cha Nyanya

Mama alinilea kwa amri nyingi, na nyingi kati yake nimezisahau. Iliyonikaa moyoni ni moja tu: nisiketi kamwe palipo na chungu cha pombe. Hakuwa na haja ya kunieleza sababu. Mei mwaka 2014, nilipokuwa darasa la nne, pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti za Embu, Kiambu, Kitui na nyinginezo. Baba alikuwa mwashi huko Embu. Alitoka kazini jioni moja akiwa mzima, akarejea chumbani akilalamika kwamba macho yake hayaoni taa, na kabla ya jua la siku ya pili kutua tukawa mayatima. Tulimzika kwao Amukura, kisha mama akatuchukua hadi Nakuru, akajiunga na kanisa lisilotaka hata harufu ya hamira, na tangu siku hiyo jina la Amukura likawa halitajwi nyumbani ila kwa kunong'onwa.

Basi waelewe wasomaji wa jarida hili kwamba mimi, ninayejiita Mteso katika kila fomu ninayojaza, nilifika mwaka wa pili wa chuo kikuu bila kuijua lugha ya babu zangu zaidi ya maneno mawili: yoga, ambalo ni salamu, na eyalama, ambalo ni shukrani. Kwa mtu anayesomea lugha, hiyo ni aibu isiyo na pa kufichwa.

Desemba 2024 nilikata shauri kwenda. Mama nilimwambia kwamba naenda kumjulia hali nyanya, na huo ulikuwa ukweli, ingawa si wote. Nilipanda basi la usiku hadi Malaba, nikateremka alfajiri kando ya foleni ya malori iliyonyoshwa kuelekea Uganda kama siafu wanaohama, nikatafuta bodaboda. (Neno hili lenyewe, wenzangu, ni zao la mpaka huu. Lilizaliwa Busia, pale waendesha baiskeli walipokuwa wakiwavusha abiria na mizigo kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nyingine huku wakitangaza safari kwa neno la Kiingereza la mpaka, mara mbili mbili. Sasa linatumika hadi kwa watu wasiojua kwamba Busia iko wapi.) Kijana aliyenibeba aliniuliza mimi ni wa nani. Nilipomtajia jina la babu, alicheka akasema, "Ala! Kumbe unaenda kwa mama wa ajono."

Sikujua. Naapa kwamba sikujua.

Ajono ni pombe ya wimbi, ile ambayo ng'ambo ya pili ya mpaka wengi huiita malwa. Mpaka wenyewe ni wa juzi. Hadi mwaka 1902 upande huu wote ulihesabiwa kuwa Uganda, na mkoloni alipousogeza hakuuliza nani ananywa na nani kutoka chungu kimoja. Nilipoingia uani mwa nyanya nilikuta ushahidi wote umeanikwa juani: mkeka mmoja wa unga uliokaangwa, wa rangi ya tofali, na mkeka wa pili wa wimbi lililochipuka, vijichipukizi vyake vimenyauka kama nywele za mtoto mchanga. Nyanya alinikumbatia, akaniita kwa jina la baba, akalia kidogo, akajifuta kwa upindo wa leso, kisha akaniambia nimsaidie kugeuza kimea kabla ya kuku kukimaliza.

Ndivyo nilivyoanza kufunzwa. Unga wa wimbi hukandwa kwa maji, ukaachwa siku kadhaa uchachuke. Zamani ulifukiwa shimoni juu ya majani ya mgomba. Nyanya hutumia pipa la plastiki na haoni haya kusema kwamba pipa ni safi zaidi. Kisha hukaangwa juu ya bati pana kwa moto wa kuni, kazi ya kutoa machozi na jasho kwa pamoja, na baadaye huanikwa hadi ukauke kabisa. Kimea nacho hutengenezwa kando: wimbi hulowekwa, hufunikwa, huachwa liote, hukaushwa, husagwa. Hapo unga uliokaangwa na kimea hukutanishwa kwa maji, vikakaa siku mbili tatu. Nilikuwa nimesoma katika somo la biolojia kwamba mbegu inapoota hutoa vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na hamira ikaila sukari hiyo na kutoa kileo. Nilimweleza nyanya hayo kwa madoido ya msomi. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akauliza, "Na walipokufundisha, walikuonjesha?"

Jioni ya Jumamosi wazee walikuja. Chungu kiliwekwa katikati ya kibanda kisicho na kuta, viti vikazunguka, na mirija mirefu, mingine ikizidi urefu wa mtu, ikaelekezwa mdomoni mwa chungu kama vijito vinavyoingia ziwani. Kila mrija una kichujio kilichosukwa nchani ili makapi ya wimbi yasipite. Nyanya alimimina maji ya moto, povu likapanda, akachukua mrija, akanywa yeye kwanza mbele ya wote. Sikuelewa hadi baadaye: mwenye chungu huonja kwanza ili wageni waone kwamba hakina sumu. Niliposikia maelezo hayo koo lilinikaba. Nilifikiria chumba kile cha Embu, na muuzaji ambaye bila shaka hakuonja.

Mzee mmoja, jirani wa babu na mwalimu mstaafu, alijitwika kazi ya kuniongoza. Alizungumza Kiswahili cha darasani, kilichopigwa pasi. "Mrija hushikwa kwa mkono wa kulia," alisema. "Wa kushoto ni tusi. Ukitaka kupiga chafya, utoe mrija kinywani kwanza. Usipulize mapovu chunguni kama ndama. Usichungulie chunguni, kwani huko ni kuhesabu walichokunywa wenzio. Ukiondoka, mkabidhi jirani mrija wako akushikie. Usiuache ukianguka wala usiruke mirija ya wenzio. Na mkwe wako, yaani mama wa mkeo, hamwezi kamwe kunywa chungu kimoja." Nilimwuliza iwapo amri hizi zimeandikwa popote. Alitabasamu. Akasema alikuwako Mmarekani, Ivan Karp, aliyeishi na Wateso wa Kenya akawaandikia kitabu mwaka 1978, na miaka miwili baadaye akaandika makala nzima kuhusu namna wanavyokunywa pombe. Basi huo ndio msiba wetu: mimi, mjukuu wa mama wa ajono, nimefunzwa kuchambua tamthilia za watu waliokufa zamani, ilhali mtu kutoka ng'ambo ya bahari alikwisha kuketi hapa na daftari kabla hata baba yangu hajajua kusoma.

Mrija wangu ulikuwa mkononi, wa kulia, na bado sikuwa nimeutia kinywani. Wazee walijua. Hakuna aliyenihimiza.

Kilichotuokoa ni honi. Baba mdogo ni dereva wa lori kati ya Mombasa na Kampala, na foleni ya Malaba ilikuwa imempa usiku mmoja wa bure. Aliingia na chupa ya kijani, zawadi ya wakala mmoja wa forodha, akaitua mezani kwa fahari. "Wiski ya Ayalandi," alitangaza. "Leo tutaonja vya wazungu!" Akajigeuza mwalimu papo hapo: vikombe vya chai vikaletwa, akamimina kidogo kidogo, akatuamuru tunuse kabla ya kunywa, kama alivyowahi kuona katika hoteli moja ya Mombasa. Alituambia imekenekwa mara tatu. Kwa hili alisema kweli, maana baadaye nilitafuta maktabani: wiski nyingi za Ayalandi hukenekwa mara tatu, na sheria ya kwao hudai zikae ndani ya mapipa ya mbao si chini ya miaka 3. Nilisoma pia kwamba jina lenyewe limetokana na maneno ya Kiayalandi, uisce beatha, yenye maana ya maji ya uhai. Nilipoyasoma hayo nilifunga kitabu kwa muda.

Lakini nirudi kibandani. Mwalimu mstaafu alinusa kikombe chake kwa muda mrefu, macho amefumba. Akakizungusha. Akanusa tena. Akasema, "Hapa pana kimea." Baba mdogo alibisha kwamba hiki ni kinywaji cha kiwandani. "Kimea," mzee alirudia, "si cha wimbi. Cha nafaka nyingine. Lakini kuna mtu aliyeiotesha mbegu hii akaikausha." Alikuwa sahihi. Wiski hiyo hutokana na shayiri, na wiski ya jadi ya vyungu vya shaba vya Ayalandi huchanganya shayiri iliyooteshwa na isiyooteshwa. Inasemekana waliongeza ile isiyooteshwa katika karne ya 18 ili kukwepa kodi iliyotozwa juu ya kimea. Serikali ni serikali, na mpika pombe ni mpika pombe, hata kwenye baridi!

Mzee alikunywa, akatulia, akameza. Tulingoja hukumu. "Nzuri," alisema. "Ina ujuzi, na ina subira. Ila ni kinywaji cha mtu mmoja. Tazameni: kila mtu ana kikombe chake, na kila mtu anatazama kikombe chake." Akakiweka chini, akaurudia mrija.

Nyanya hakuonja. Alikuwa amekaa pembeni na daftari la shule lenye jalada lililochakaa, akiandika waliolipa na walioahidi. Nilisogea karibu nimulike kwa simu. Kurasa za mbele zilikuwa na majina na shilingi. Niligeuza kurasa za nyuma kwa udadisi tu, na humo nikaona jina langu. Kidato cha kwanza, muhula wa kwanza. Muhula wa pili. Godoro. Kidato cha pili. Kila mstari ulikuwa na kiasi cha fedha, na mbele yake idadi ya vyungu. Muhula mmoja ulikuwa umelipiwa kwa vyungu kumi na tisa. Mstari wa mwisho ulikuwa nauli na shuka za kwendea chuo kikuu mwaka 2023.

Nilikuwa nikiamini maisha yangu yote kwamba fedha zile zilitoka kwa baba mdogo. Zilipitia kwenye simu yake, hilo ni kweli.

"Mama anajua?" niliuliza.

"Mama yako alinikataza kukwambia," nyanya alijibu bila kuinua uso. "Hakunikataza kutuma."

Sitajifanya kwamba mambo yalinyooka moyoni mwangu palepale. Nilikumbuka kwamba kileo kilimzika baba. Nilijua vilevile, kwa akili, kwamba kilichomwua hakikutoka kwenye wimbi lililochipuka uani bali kwenye kemikali ya viwandani iliyotiwa na mtu mwenye tamaa. Na kwamba sheria ya mwaka 2010 iliyohalalisha chang'aa ili idhibitiwe haikuzuia vifo vya mwaka 2014. Lakini akili ni kitu kimoja. Wapo pia, katika duara lile lile la wazee waungwana, wawili ambao wake zao huja kuwachukua kwa toroli, na nyanya huyaandika madeni yao kwa mwandiko ule ule aliouandikia karo yangu. Nilimwuliza kuhusu hao. Alisema humwambia kila mmoja wao aende nyumbani, na wasipokwenda kwake huenda kwa mwingine. Hilo halikuniridhisha, na halijaniridhisha hadi leo.

Nilirejea kitini. Jirani alikuwa bado amenishikia mrija. Niliupokea kwa mkono wa kulia, nikavuta. Kwanza yalikuja maji ya uvuguvugu, kisha uchachu kama wa uji uliolala, kisha, nyuma kabisa, harufu ya moshi na ya nafaka iliyokaangwa, harufu ya leso ya nyanya. Nilivuta mara mbili, basi. Wazee waliendelea na mazungumzo yao kuhusu bei ya mihogo kana kwamba hakuna kilichotokea, na nadhani huo ulikuwa upole mkubwa kuliko wote niliotendewa mwaka ule.

Mama alipiga simu kesho yake asubuhi, nikiwa juu ya pikipiki kuelekea Malaba. Nilimwomba kijana asimame. Wasomaji wenzangu wa lugha wanajua jinsi neno chungu linavyotutesa kwenye mitihani ya vitate na vitawe; sikutarajia litanijia kandokando ya barabara.

"Uliketi kwenye chungu?" mama aliuliza.

Nilisema ndiyo.

Alinyamaza muda mrefu hadi nikatazama simu kuona kama laini imekatika. Ndipo sauti yake ikaja, ndogo, ya mtu mwingine, ya msichana aliyeolewa Amukura akafunzwa kukaanga unga juu ya bati.

"Na kilikuwa chungu," aliuliza, "au aliwahi kukitoa kabla hakijakolea? Mama yule hupenda kuharakisha. Mwambie siku ya tatu ndiyo nzuri."