Nyanya Hazingoji

Nilipokuwa kijana nilikaa kwa mjomba wangu karibu na Tunduma, mpakani mwa Zambia. Mwaka mmoja nyanya zilistawi sana. Mjomba akaniambia, "Mpwa wangu, tuzipeleke Dar es Salaam kwa gari la moshi. Enda stesheni ukaombe nafasi katika behewa."

Mimi nilitaka kumwonyesha bidii yangu kwanza. Nikachuma siku mbili, nikachagua nyanya nyekundu kwa kuwa zapendeza macho, nikazijaza katika matenga mpaka juu. Ndipo nikaenda stesheni.

Karani akaniuliza kwa upole, "Uliomba nafasi lini?" Nikajibu, "Sikuomba, bwana." Akasema, "Mabehewa haya yana wenyewe, walioomba mapema. Njoo baada ya siku nne."

Kisha akanifundisha. Reli hii ilijengwa tangu mwaka 1970 hata 1975, kwa mkopo usio na riba kutoka China. Upana wake ni milimeta 1,067, bali Reli ya Kati ya zamani ina milimeta 1,000. Kwa hiyo behewa la huko haliwezi kuja kusaidia huku. Tena toka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi ni kilometa 1,860. Behewa lililokwenda Zambia halirudi kwa siku moja.

Siku ya nne nikafunua matenga. Lo! Nyanya za chini zimepondeka, na maji yanatiririka. Maana tunda lililochumwa bado lapumua na kutoa joto, na nyanya iliyoiva hutoa hewa ya kuwaivisha jirani zake.

Mjomba hakunipiga wala hakunikemea. Alitazama matenga, akasema, "Ada ya dada yako ilikuwa humu." Maneno hayo yaliniuma kuliko fimbo. Dada akakaa nyumbani mwaka mzima.

Mwaka wa pili niliomba behewa kwanza. Nilipopewa siku, nikachuma nyanya zilizoanza tu kugeuka rangi. Sikuyajaza matenga kupita kiasi, na katikati yake nikaacha nafasi ya kupita hewa. Zikafika salama, na dada akarudi shuleni.

Basi, wanafunzi, bidii bila kuuliza ni hasara. Mahindi hungoja ghalani, lakini nyanya hazimngoji mtu. Mwenye mali ya kuoza na aijue njia kabla ya kushika tenga.