Nilimwambia Mteja Uongo Nikiujua

Nilikuwa nikiuza chaja za simu kwenye soko moja la mtandaoni. Nilizinunua kwa jumla barabara ya Luthuli, Nairobi, nikiona wazi kwamba hazina kibandiko cha KEBS kinachotakiwa kwa bidhaa za kutoka nje. Bei ilikuwa tamu, nikafumba macho.

Mama mmoja wa Nakuru akanitumia picha: chaja imeyeyuka na kugandamana na soketi, pembe ya godoro imeungua. "Mwanangu, imebaki kidogo ituchome," aliandika. Nikamjibu, "Pole mama, mali ikishauzwa hairudishwi. Mtafute aliyeitengeneza." Nilijua hatampata, boksi halikuwa hata na jina la kiwanda. Alipoligeukia soko, akaambiwa kazi yao ni kuwakutanisha watu tu.

Sheria niliijua kiasi cha kuniumbua. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inamdai muuzaji bidhaa yenye ubora unaofaa, na Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. "Hairudishwi" yangu haikufuta lolote kati ya hayo. Angeweza kunipeleka Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni. Nilitegemea kwamba hajui.

Hata hoja ya soko haisimami kila mahali. Mwaka 2020, Mahakama ya Rufaa ya California iliamua kwamba Amazon inaweza kuwajibishwa kwa betri ya kipakatalishi iliyomlipukia mnunuzi, ingawa aliyeiuza kwenye tovuti hiyo ni mfanyabiashara mwingine. Mwaka 2021, Mahakama ya Juu ya Texas ikaamua kinyume katika kesi nyingine. Mabishano hayo hayakunihusu: muuzaji nilikuwa mimi.

Nilimlipa mama yule chaja na godoro baada ya mwanawe kutaja mahakama. Haikuwa huruma, ilikuwa woga. Na kosa kubwa zaidi halikuwa hilo. Niliendelea kuuza chaja zilizobaki, wala sikuwaonya waliokwisha kununua. Soko lilikuwa na namba zao zote. Ningeliomba liwatumie ujumbe, lakini nilihofia nyota zangu zingeshuka. Nilipoliomba, nilikuwa nimemaliza mzigo.

Wauzaji wenzangu, mteja mmoja akileta kasoro ya kuunguza, simamisheni mauzo siku hiyo hiyo na muwajulishe wote. Nani alipe, mtabishana baadaye.