Mpira wa mlango na vumbi la Kawangware

Leo tuache kompyuta kidogo. Gari langu ni "jipya" kwa Kikenya: mtumba wa Japani, na sheria hairuhusu gari la zaidi ya miaka 8 kuingizwa nchini. Rangi bado inang'aa, nami huegesha Kawangware kando ya Naivasha Road, na Jumamosi niko Kibera, upande wa soko la Toi.

Watu husingizia mikokoteni. Mimi naona milango yetu ndiyo hugonga: abiria anafungua kwa haraka, ukingo unapiga ukuta, au goti la mwendesha bodaboda anayepenya. Ukingoni bati limekunjwa na rangi ni nyembamba. Ikibanduka, maji huingia kwenye mkunjo na kutu huanza.

Utauziwa mpira wa kuvalisha ukingo. Unazuia mgongano, sikatai, lakini ule wenye chuma ndani hukwaruza rangi, na vumbi jekundu likinasa chini yake hushika unyevu. (Waandika programu wenzangu, mnakijua kiraka kinachoficha hitilafu!) Mimi nimebandika plastiki angavu ya gundi. Safisha ukingo kwa spiriti, kausha, bandika, kisha kagua ncha zake baada ya masika. Na abiria nawaambia kabla hatujasimama: "Shikilia mlango, fungua polepole."