Cha Kiwandani na Cha Baba

Marehemu baba alituachia pikapu ya Peugeot 404, aina iliyoanza kutolewa mwaka 1967. Mwaka jana alitujia mnunuzi aliyetaka gari la asili tupu. Basi tukashika kalamu, tukalikagua kama tusahihishavyo insha. Namba ya kibati kilicho chini ya boneti ililingana na ile ya chesisi. Gia ilikuwa ubavuni mwa usukani, na injini, yenye sentimita za ujazo 1618, imelala upande kwa nyuzi 45, kama ilivyoundwa. Lakini kabureta ilikuwa ngeni, na sakafu ya nyuma ni mbao za mvule, alizozipigilia baba mwenyewe bati lilipoliwa na kutu.

Mnunuzi akashauri tuzing'oe, tuseme gari halijaguswa. Karo ya mwanetu ilikuwa ikidaiwa, nasi tulishawishika. Lakini sisi tufundishao kwamba neno la mkopo ni neno halali la Kiswahili, tungezioneaje haya mbao zile? Tukaandika safu mbili: cha kiwandani, na cha baba. Akasoma, akapunguza bei, tukakataa. Karo tuliilipa kwa mkopo. Gari lingali uani.