Mtenda Yu Wapi? Tafakuri Kuhusu Majibu ya Baraza kwa Wakazi Wake

Wahenga walisema kwamba ahadi ni deni. Hawakutuambia, hata hivyo, la kufanya pale ahadi inapotolewa bila ya mdaiwa kujulikana. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuzichambua sentensi darasani. Tunatafuta kiima na kiarifu, mtenda na mtendwa, kisha tunafunga madaftari yetu na kwenda zetu. Nia yangu katika makala haya ni kuonyesha kwamba uchambuzi huo una kazi nje ya darasa pia, hususan pale wakazi wa mtaa wanapowaandikia wanaowatawala kuhusu barabara na viwanja vyao, nao wakajibiwa.

Yafaa kwanza tukumbushane ni nani anayepaswa kujibu. Kwa miaka mingi, taa za barabarani, mitaro na bustani za umma zilikuwa mikononi mwa mabaraza yaliyoundwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265, na wakazi walimwendea diwani. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, mabaraza hayo yalitoweka na nafasi yake ikachukuliwa na serikali za kaunti 47. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti jukumu la barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na bustani za burudani. Fauka ya hayo, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 88, inampa raia haki ya kuwasilisha malalamishi yake. Kifungu cha 89 nacho kinazilazimu mamlaka za kaunti kuyajibu kwa haraka. Ulimi wa watu, waama, hauendi mbio kama sheria. Hadi leo askari wa kaunti huitwa "kanjo", neno lililozaliwa na jina la Kiingereza la baraza, nasi mtaani kwetu tungali tunasema "tumeandikia baraza".

Naam, tuliandika. Miaka miwili iliyopita, chama cha wakazi wa mtaa nilikolelewa, katika mji mmoja wa Bonde la Ufa, kilipeleka barua yenye malalamishi matatu. Taa saba za barabara itokayo kwenye steji zilikuwa hazimulikii mtu, ilhali wauguzi na wachuuzi hupita hapo alfajiri na usiku. Mtaro ulikuwa umeziba. Uwanja wa watoto ulikuwa umezungushiwa mabati, na kwa kuwa watoto hawana subira ya kungoja uwanja mwingine, walihamia barabarani. Mmoja wao aligongwa na bodaboda akavunjika mguu.

Barua ile iliandikwa kwa Kiswahili. Jibu lilikuja kwa Kiingereza, licha ya Kifungu cha 7 cha Katiba kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi mbili. Mwenyekiti wetu, mama mmoja ambaye ni fundi cherehani, aliniletea karatasi ile ili niitafsiri, isomwe mbele ya wakazi siku ya Jumapili. Tafsiri yangu ilisema hivi: malalamishi yenu yamepokelewa, suala la taa linashughulikiwa, mtaro utazibuliwa kadiri fedha zitakavyopatikana, na kuhusu uwanja, hatua mwafaka zitachukuliwa.

Mwanafunzi wa sarufi hahitaji kusoma mara mbili. Humo mna vitenzi vitano vikuu. Vinne viko katika kauli ya kutendwa, na cha tano, "zitakavyopatikana", kiko katika kauli ya kutendeka. Katika Kiswahili, kauli ya kutendwa humruhusu mtenda kutajwa baada ya "na": mtaro utazibuliwa na fulani. Katika barua nzima, "na" hiyo haikutokea hata mara moja. Siku pia haikutajwa. Mama mwenyekiti, ambaye hakuwahi kuingia katika mhadhara wa isimu, aliisoma tafsiri yangu mpaka mwisho, akaniuliza, "Mwanangu, sasa kesho nibishe mlango wa nani?"

Sisemi kwamba kauli ya kutendwa ina hatia. Tunaihitaji tunapozungumzia jambo ambalo mtenda wake anajulikana au hana uzito. Tunaposema kwamba Katiba ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, hatumfichi mtu. Hatia iko pale ambapo mtenda ndiye kiini cha swali, naye ndiye anayeachwa nje ya sentensi. Kauli ya kutendeka huenda mbali zaidi, kwani haimwachii mtenda hata mlango wa kuingilia. Kwa desturi ya lugha tunasema kwamba mtoto amevunjika mguu, na hakuna anayetulaumu. Lakini mzazi wa mtoto yule anajua kwamba kuna mkono uliosimamisha mabati, na mkono mwingine uliotia sahihi ili yasimame.

Historia ya taifa letu inatupa mfano mkubwa zaidi wa jambo hili. Mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jumba la orofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi. Wakati huo jiji halikuwa na madiwani wa kuchaguliwa, kwa kuwa baraza lilivunjwa mwaka 1983 na mahali pake pakawekwa tume ya kuteuliwa. Marehemu Profesa Wangari Maathai aliandika barua nyingi za kupinga mpango huo: kwa gazeti lililohusika na mradi, kwa Ofisi ya Rais, kwa tume ya jiji, kwa mkuu wa mkoa na kwa waziri wa mazingira, miongoni mwa wengine. Ninapoitazama orodha hiyo, naona kwamba hakuuandikia upepo. Kila barua ilikuwa na mlango wake. Majibu aliyoyapata hadharani yalikuwa kejeli juu ya nafsi yake badala ya maelezo juu ya bustani. Hata hivyo, sauti yake ilifika kwa wafadhili wa kigeni, na kufikia mapema mwaka 1990 mradi ulikuwa umekufa. Bustani ingalipo. Mwaka 2004 yeye alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Mtaa wetu hauna Profesa wa kimo hicho. Tulikuwa na mkutano tu, katika ukumbi wa kijamii, ambao mwakilishi wadi na afisa mmoja wa manispaa walikubali kuhudhuria. Afisa yule alikuwa kijana mwenye adabu, na alizungumza Kiswahili kizuri. Alipofika kwenye suala la uwanja, alisema kwamba kulingana na rekodi, uwanja ule "ulibadilika matumizi". Mama mmoja auzaye mboga kando ya steji akainuka.

"Samahani, mwanangu," akasema. "Ulibadilika wenyewe, au ulibadilishwa?"

Ukumbi uliangua kicheko, lakini afisa hakucheka. Alinyamaza kidogo, kisha akakubali kwamba ardhi haibadiliki matumizi yenyewe. Mabadiliko hayo huhitaji idhini ya kaunti, na idhini hutiwa sahihi na mtu. Akaahidi kuileta ramani ya mtaa. Nikatambua kwamba swali ninalolijibu katika karatasi za mtihani ili nipate alama, mama yule alikuwa ameliuliza ili apate uwanja.

Haki inanilazimu kusimulia na upande wa pili. Afisa alipoishika barua ya wakazi, naye aligeuka mwanasarufi. "Mmeandika kwamba mtaro umeziba," akasema. "Nami niwaulize, wazee wangu na mama zangu: umeziba, au umezibwa?" Hapo ukumbi ulitulia tuli. Kila mmoja alijua maganda, majivu na chupa za plastiki hutoka wapi. Vijana wakajitolea kuuzibua mtaro siku ya Jumamosi, naye afisa akaahidi lori la kubeba taka. Kumbe anayelalamika naye huweza kujificha nyuma ya kitenzi, na baraza likiulizwa kwa lugha isiyo na mtenda, hupata kisingizio cha kujibu kwa lugha iyo hiyo.

Majuma matatu baadaye barua ya pili ilifika, mara hii kwa Kiswahili. Ilisema kwamba mhandisi wa manispaa angebadilisha taa saba kabla ya mwisho wa mwezi. Mwezi ulipoisha, taa tano zilikuwa zinawaka. Kwa zile mbili zilizosalia, mama mwenyekiti hakuuliza tena ni mlango wa nani. Alikwenda moja kwa moja kwa mhandisi, na barua mkononi. Lori lilikuja, na mtaro unapitisha maji. Ramani nayo ililetwa, na inaonyesha mahali pale kuwa uwanja wa umma. Lakini nikiandika makala haya, mabati yangali yamesimama, na jina la aliyetia sahihi halijatajwa. Wakazi wamepeleka malalamishi yao katika bunge la kaunti. Watoto wangali wanacheza barabarani.

Wanachama wenzangu, kila muhula tunajadili mustakabali wa Kiswahili katika makongamano yetu, na aghalabu tunaishia kuililia serikali ikithamini lugha hii. Napendekeza tuanze na lililo karibu. Kila mmoja wetu anatoka katika mtaa au kijiji chenye barabara, mtaro na kipande cha ardhi ya umma. Tuzitafsiri notisi na majibu yanayoletwa huko kwa Kiingereza. Tuwasaidie wazazi wetu kuandika barua zinazotaja cheo cha anayeombwa, kitendo anachoombwa na siku ya kukitenda. Jibu likija, tulisome kama tunavyosoma karatasi ya mtihani, tukiuliza: mtenda yu wapi? Asipoonekana, tuirudishe barua kwa heshima na tuombe jina lake. Wakufunzi wetu nao, wanapotafuta sentensi za kufundishia kauli za vitenzi, wasiende mbali. Ofisi za kaunti zinazo tele.