Wanyonya Nia na Wasomaji Wao

Kitabu kirefu humpima msomaji kama safari ndefu impimavyo msafiri. Wako waachao njiani, wako wafikao wakinung'unika, na wako wafikao na swali ambalo hawakuondoka nalo nyumbani. Riwaya ya Dan Simmons, mwandishi wa Marekani, iitwayo Carrion Comfort, ni safari ya namna hiyo. Ilitolewa mwaka 1989, ina kurasa zaidi ya 600, na ilipata tuzo ya Bram Stoker, ambayo hutolewa kwa hadithi za kutisha. Nakala yake moja iliachwa na mtalii katika nyumba ya wageni huko Mikumi. Iliokotwa na kijana aongozaye wageni katika hifadhi, naye alipokwisha kuisoma alimpelekea mwalimu wake wa zamani mjini Kilosa. Mwalimu huyo, mama afundishaye historia, alimwazima jirani yake, mzee aliyekuwa karani wa reli. Hivyo kitabu kimoja kilipata wasomaji watatu na maoni matatu, na maoni hayo yastahili kuelezwa, kwa kuwa yaligusa jambo kubwa kuliko kitabu chenyewe.

Wanyonyaji wa riwaya hii hawana meno marefu wala hawaogopi jua. Wanachonyonya si damu bali nia. Huingia katika akili ya mtu, wakamtawala viungo vyake, wakamfanya aue au ajiue. Na kila mauaji huwarudishia wao nguvu na ujana. Watatu kati yao, wazee wenye adabu nyingi, wanakutana Charleston mwezi wa Desemba 1980 kuhesabu ni nani amepata ushindi zaidi katika mchezo huo. Anayewafuatia ni Saul Laski, Myahudi wa Poland, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alitolewa katika kambi ya Chelmno na ofisa wa Kijerumani, akafanywa kete hai katika mchezo wa sataranji. Tangu siku hiyo hamu yake ya maisha ni kuujua uwezo ule uliomwingia kichwani.

Maoni ya kijana wa Mikumi yalikuwa mepesi. Alikisoma kitabu usiku, fisi wakilia mbali, akakiri kuwa mara mbili aliinuka kuhakikisha kuwa mlango umefungwa. Hata hivyo alikilaumu kwa urefu. Mapigano na mafukuzano ya katikati, alisema, yangeweza kupunguzwa theluthi bila hasara. Alichokisifu ni sehemu zinazosimuliwa na bibi kizee Melanie Fuller kwa kinywa chake mwenyewe. Bibi huyo huwataja watu aliowapokonya nia zao kwa upole wa mtu atajaye vyombo vyake vya chai, na kijana aliona kuwa upole ule ulimtisha kuliko damu yote iliyomwagika kitabuni.

Mzee wa reli hakustaajabu. Alisema kuwa Mmarekani yule amechelewa kuleta habari ambazo Kilosa inazijua. Je, msukule ni nini, kama si mtu aliyeondolewa nia yake, akalimishwa shamba la mwingine usiku? Na mumiani je? Mwalimu alimkubalia kuwa jambo hilo lina umri mkubwa. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 yaeleza kuwa mumiani ni dawa nyeusi kama utomvu, isemwayo kuwa hutoka Uajemi. Tena yaongeza kuwa wengi waliamini ni damu ya watu iliyoganda, na kwamba uvumi wake ulipoanza watu hawakutoka nje baada ya jua kutua. Mwaka 2000 mwanahistoria Luise White alitoa kitabu kizima juu ya uvumi wa wanyonya damu katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Shauri lake ni kwamba masimulizi hayo yasitupwe kama upuuzi, kwani yaonyesha jinsi watu walivyouona utawala wa kikoloni na kazi zake.

Hapo mwalimu alileta hoja itokayo katika lugha yenyewe. Katika riwaya wale wazee hawasemi kwamba wamemroga mtu. Husema kwamba wamemtumia. Kiswahili kilikwisha kulinena hilo zamani, kwa maana mtumwa ni mtu anayetumwa, ambaye mikono ni yake na nia ni ya mwingine. Misafara ya pwani ilipita Usagara na watu wa namna hiyo, na utumwa haukuondolewa kabisa katika sheria ya Tanganyika mpaka mwaka 1922. Kabla ya hapo, mwaka 1898, Wajerumani walikwisha kuanza kutoza kodi ya kibanda, na mtu asiye na fedha alilazimika kuitafuta kwa kazi. Katika mashamba ya mkonge kama yale ya Kimamba, mtu alihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku thelathini za kazi. "Nani atashangaa, Mzee," aliuliza, "kwamba watu waliohesabiwa hivyo walisema wananyonywa?"

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akaeleza sababu iliyomfanya akipende kitabu kile. Alipokuwa kijana, uvumi wa mumiani ulivuma mtaani kwao, na mtu mgeni aliyeshuka garini na mkoba wa ngozi akazingirwa na watu. Wengi walirusha mawe, naye alirusha moja. Mgeni aliokolewa akiwa na jicho moja. Ulipofunguliwa, mkoba ulikuwa na vyombo vya kutengenezea saa. "Miaka sitini nimesema kuwa shetani alinipitia," alisema. "Sasa nimeona mtu mwenye elimu ameandika kurasa mia sita kueleza jinsi mkono wa mtu uwezavyo kuendeshwa na mwingine. Nimepata faraja, Mwalimu."

Jibu lilikuwa gumu, kwa kuwa halikutakiwa kumvunjia mzee heshima wala kumdanganya. Mwalimu alimkumbusha jina la kitabu. Lilitokana na shairi la Gerard Manley Hopkins wa Uingereza, na maana yake ni faraja ya mzoga: chakula ambacho mwenye njaa hukitamani, lakini hakifai kuliwa. Kisha alimwonyesha jambo ambalo wasomaji wengi hulipita upesi. Katika riwaya wako watu wachache ambao akili zao haziingiliki kamwe. Tajiri Barent, mkuu wa wanyonyaji, huwachagua hao hao wawe walinzi wake. Wanalinda uovu huo kwa mshahara, na hakuna aliyewaingia kichwani. "Hao ndio walionitisha, Mzee," alisema. "Mnyonyaji akibaki peke yake ni kizee tu."

Akataja na tukio lililo karibu nasi kwa miaka na kwa njia. Mwezi wa Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa-Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, watafiti wawili na dereva wao waliotoka kituo cha Selian, Arusha, kuchunguza udongo, walidhaniwa kuwa wanyonya damu. Waliuawa, na gari lao likachomwa moto. Masimulizi yaliyozaliwa kuwalaumu wenye nguvu yaliwaangukia watu watatu waliokuwa kazini. Uvumi unaweza kusema kweli juu ya zama na ukasema uongo juu ya mtu aliyesimama mbele yetu. Na aliyeokota jiwe aliokota kwa sababu ya uongo huo, si kwa sababu ya kweli ile.

"Basi wataka nife na jiwe langu?" mzee aliuliza.

"La, Mzee wangu. Nataka uwaambie wajukuu kuwa lilikuwa lako. Wakisikia tu kwamba shetani alikupitia, watamngoja naye awapitie."

Mzee hakusema kuwa ameshindwa, wala mwalimu hakudai ushindi. Lakini kijana wa Mikumi, aliyekuwa amekuja likizo na kuyasikia yote akiwa ameketi barazani, aliuliza tena kama kweli kitabu kile hakikupaswa kuwa kifupi. Mzee alimtazama, akasema kuwa mwandishi alitumia kurasa mia sita kuuliza mkono ni wa nani, ilhali yeye alitumia miaka sitini, tena bila kuuliza. Kisha aliwaita wajukuu wake waliokuwa uani, akawaambia waketi.