Nani Aliyewawashia Moto? Safari ya Karatu na Ngorongoro

Safari hii hatukuifanya kwa kutaka kutazama wanyama. Jirani yetu mmoja, mama mjane, alitujia usiku baada ya sala ya Isha, akatuomba tumfikishe mwanawe Karatu kwa mjomba wake. Kijana huyo ana miaka 17. Juma lililotangulia, watu wa mtaani kwetu walimkamata mtu mmoja kwa kumshuku wizi wa simu, wakampiga kwa mawe na fimbo hata akavunjika mkono, na kijana huyu alikuwa miongoni mwa waliorusha mawe. Kama mtu yule aliiba au hakuiba, mpaka leo hatujui. Nasi tulizisikia kelele zile, tukafunga dirisha. Yatupasa kulisema hilo mwanzoni, msomaji asije akadhani kuwa twaandika kama watu waliosimama upande wa haki.

Kutoka Arusha barabara yapita nchi ya Wamasai hata Makuyuni, na hapo msafiri hukata kulia kuelekea Mto wa Mbu, mji wa migomba na mifereji ya maji. Kisha gari laupanda ukuta wa Bonde la Ufa, na Ziwa Manyara labaki chini upande wa kushoto. Ukifika juu, ardhi yageuka nyekundu, na mashamba ya ngano, mahindi na mbaazi yafuatana mpaka mjini Karatu. Njia nzima kijana hakusema neno, ila mara moja tu, tulipokuwa tumesinzia, alitugusa bega atuonyeshe twiga.

Karatu ni nchi ya Wairaqw hasa, ambao wengi wamezoea kuwaita Wambulu, na wilaya yenyewe ilikuwa sehemu ya Mbulu mpaka miaka ya 1990. Lakini siku ya mnada mtu huona makabila mengi yakikutana: Wairaqw na nafaka zao, Wamasai na Wadatoga na ng'ombe wao, wachuuzi wa vitunguu kutoka Mang'ola upande wa Ziwa Eyasi, na wenye maduka kutoka kila pembe ya nchi. Tulifika siku kama hiyo. Vijana wa Kimasai walikuwa wengi sana, kila mmoja na fimbo yake na sime kiunoni, wakisukumana na Wadatoga katika vumbi na kubishana bei kwa sauti kubwa. Wala hatukuona hata mmoja akimpiga mwenziwe. Tulimkumbuka mtu yule wa mtaani kwetu, tukaona haya.

Mjomba wa kijana ana gereji ndogo ya magari ya watalii, na kwa kazi hiyo ajuana na watu wengi wa Ngorongoro. Alitukutanisha na mzee mmoja wa Kimasai aliyeleta ng'ombe mnadani. Tulipomsifia vijana wake, mzee alicheka. Alitwambia kuwa wapo wanaopigana na wapo walevi, tusidanganyike na mavazi. Kisha akatueleza habari ya moto, nasi twaieleza hapa kwa kadiri tulivyoielewa.

Vijana wa Kimasai wanaotahiriwa katika kipindi kimoja huwa rika moja, rika hilo hupewa jina, na wenziwe mtu hubaki wenziwe hata uzeeni. Rika linapoanzishwa, wazee huwasha moto kwa kupekecha kijiti juu ya kijiti, na wazee hao ndio wawa walezi wa rika lile. Huitwa olpiron, ndilo jina la kile kijiti cha moto. Wao huwafundisha vijana, huwaonya, huwatoza faini, na wakizuia baraka yao, basi kijana hana njia ya kuvuka kutoka umorani kuingia katika utu uzima. Na jambo lililotushangaza ni hili: wenye kuwasha moto si rika lililo juu ya vijana moja kwa moja, bali ni rika la pili juu yao. Sababu yake ni wazi kwa mtu aliyelea watoto wengi. Wanaokaribiana kwa umri hushindana. Mkubwa hataki kuiacha nafasi yake, na mdogo ataka kumnyang'anya. Na kwa nini kazi hii isiachiwe baba peke yake? Hapo twasema kwa maarifa yetu wenyewe: baba akimkuta mwanawe na hatia, jambo la kwanza afanyalo ni kuificha.

Morani tena hali peke yake. Hula na wenziwe wa rika. Na ikitukia mtu ameuawa, fidia hulipwa kwa mifugo, na hesabu itajwayo sana ni ng'ombe 49, ambao kwa kawaida hawatoki katika zizi la muuaji peke yake bali ukoo huchangia. Wasomaji waliosoma fiqhi watalikumbuka neno aakila, wale jamaa ambao sheria yetu yawatwika kulipa dia ya mtu aliyeuawa kwa makosa. Anayejua kuwa ng'ombe wake watatoka kwa ajili ya ghadhabu ya kijana wa nduguye, hatangoja kuambiwa amwangalie kijana huyo.

Hatusemi kuwa kila desturi ya Wamasai ni njema. Ukeketaji wa mabinti wauharamisha sheria ya mwaka 1998, na haki yake.

Siku ya pili tulipanda Ngorongoro pamoja na kijana. Ukingo wa kreta u juu kiasi cha mita 2,300, na asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito, tukatetemeka kwa baridi kama watu wa pwani watetemekavyo. Ukungu ulipofunguka, tuliiona sakafu ya kreta chini yetu kiasi cha mita 600, ina upana wa kilomita za mraba 260 hivi, na msitu wa Lerai ukionekana kama doa jeusi. Wadatoga ndio waliokaa humo zamani, kabla ya kushindwa vitani na Wamasai katika karne ya 19. Wamasai huwaita Mang'ati, maana yake adui. Hata hivyo, upande wa Lerai upo mtini mkubwa ambao yasemwa waota juu ya kaburi la mkuu wa Kidatoga aliyefia vita hivyo, na makabila yote mawili, la washindi na la walioshindwa, huuheshimu. Kijana alituuliza kama kweli Wamasai hawaukati. Tukamjibu kuwa hawaukati.

Na Wamasai nao wamepata kuhamishwa: mwaka 1959 walitolewa Serengeti, wakaletwa katika eneo la hifadhi la Ngorongoro, na mwaka 1974 waliokuwa ndani ya kreta waliondolewa. Mwezi wa Agosti 2024, maelfu yao walijaa barabarani huko Ngorongoro kudai haki za vijiji vyao. Tuliowauliza walitwambia kuwa wazee walikuwako kati ya vijana siku zote zile.

Kisha tukajiuliza habari zetu wenyewe. Huku pwani binti alikuwa na somo, na mvulana aliyeingia jandoni alikuwa na kungwi, na watu hao waliulizwa habari za mwari wao hata baada ya miaka mingi. Siku hizi mtoto hutahiriwa hospitali akiwa mchanga, nalo ni jema kwa afya yake. Lakini kisu tumekihamisha, na kungwi tumemsahau. Mtaa wetu una mwenyekiti, una mabalozi, una vijana wa ulinzi shirikishi walio kama wajukuu wa sungusungu wale waliotokea Usukumani na Unyamwezini katika miaka ya 1980. Hao wote twawashukuru. Lakini kazi yao huanza baada ya jiwe kurushwa. Twamwomba imamu wetu, na walimu wa madrasa, na mafundi wenye karakana, kila mmoja achague wavulana wawili watatu wasio wanawe, na majina yao yajulikane mtaani, ili siku ya kelele tujue tumwite nani.

Siku ya kuondoka tulikwenda gerejini kuaga. Mjomba alikuwa amemkabidhi kijana kwa fundi wake mmoja, mzee wa Kiiraqw, Mkristo, asiye na udugu nao wowote. Mzee huyo alituuliza sala ya Ijumaa huanza saa ngapi na huisha saa ngapi. Tulipomwambia, akahesabu mwendo kutoka msikitini mpaka gerejini, akasema dakika kumi zatosha. Kijana hakuweza kuja kutupa mkono. Alikuwa chini ya gari, twaona miguu yake tu, na fundi alikuwa akimwomba spana.